Ujira wa Haki kwa Mfasiri na Mkalimani wa Kujitegemea: Mfano wa Butembo na Beni

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anapohitimu huwa anajua kutofautisha tafsiri sisisi na tafsiri huru, anajua kuchanganua kitenzi hadi mofimu ya mwisho, na aghalabu amekwisha kusoma nadharia mbalimbali za ulinganifu wa maana baina ya lugha mbili. Akishafungua kazi yake mwenyewe katika mji kama Butembo au Beni, swali la kwanza analoulizwa na mteja halimo katika nadharia hizo. Mteja huuliza: "Mwalimu, ukurasa ni bei gani?" Na mara nyingi, kabla jibu halijatoka, huongeza: "Utusaidie, ni kurasa chache tu."

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ujira wa haki wa mfasiri na mkalimani wa kujitegemea unavyoweza kukokotolewa, kwa kutumia mfano wa miji hiyo miwili ya Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yake kuu ni kwamba bei ya haki hutokana na kipimo cha kazi yenyewe. Bei isiyotokana na kipimo hicho hufuata mfuko wa mteja au njaa ya mfanyakazi, na katika hali zote mbili anayepata hasara mwishoni ni msomaji au msikilizaji ambaye tafsiri ilikusudiwa imfikie.

1. Soko la lugha katika Butembo na Beni

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi ya Kongo, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba (Tshiluba) kuwa lugha za taifa. Katika Butembo na Beni mgawanyo huo unaonekana wazi katika maisha ya kila siku. Kifaransa ni lugha ya ofisi, ya mahakama na ya ripoti. Kiswahili ni lugha ya soko, ya barabara na ya mahubiri mengi. Kinande ni lugha ya nyumbani na ya shamba kwa wakazi walio wengi. Kilingala husikika zaidi miongoni mwa askari. Kiingereza nacho huingia kutoka mashariki, kwani mpaka wa Kasindi hufungua njia ya Uganda na, kupitia huko, bandari ya Mombasa.

Wafanyabiashara wa Butembo wamejulikana kwa muda mrefu kwa safari zao za mbali. Janet MacGaffey alipoandika kuhusu matajiri wa Kongo mwaka 1987, aliwapa Wanande nafasi kubwa. Na Timothy Raeymaekers, katika kitabu chake cha mwaka 2014, aliueleza mji huo kuwa kitovu cha biashara inayofika hadi Asia. Biashara ya namna hiyo huhitaji watu wa lugha: wa kusoma hati za forodha, kuandika barua kwa wauzaji wa Dubai au Guangzhou, na kukalimani pale mgeni anapokuja kukagua bidhaa. Wateja wengine ni makanisa, redio, mashirika ya misaada, watafiti wa vyuo vikuu na mahakama.

Kwa upande wa watoa huduma, miji hii haina upungufu wa wasomi. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, na Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, kilianzishwa Beni mwaka 2007. Wahitimu wasiopata ajira ya kudumu hufanya kazi za lugha kwa vipande: leo tafsiri ya kijitabu, kesho unukuzi wa mahojiano, keshokutwa ukalimani wa semina. Wao ni wafanyakazi wa kujitegemea kabla hata ya kujiita hivyo, na wengi huingia sokoni bila kipimo chochote mkononi.

2. Mafunzo ya miaka ya Ebola

Upungufu huo ulidhihirika zaidi kuanzia mwaka 2018. Tarehe 1 Agosti mwaka huo serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola uliokuwa umeanzia Mangina, magharibi ya mji wa Beni. Kufikia tarehe 25 Juni 2020, ulipotangazwa kuwa umekwisha, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 2,287 miongoni mwao walikuwa wamefariki. Mapema mwaka 2019 Butembo na mtaa wake wa Katwa vilikuwa miongoni mwa vitovu vya ugonjwa. Na mwezi wa Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini mjini Butembo.

Sababu za uhasama huo zilikuwa nyingi, zikiwemo mauaji ya raia yaliyotangulia na kuahirishwa kwa uchaguzi wa Desemba 2018 katika Beni na Butembo. Lakini lugha nayo ilikuwa na fungu lake. Timu nyingi zilifika zikizungumza Kifaransa, na baadhi ya wajumbe wake Kilingala, lugha ambayo wengi waliihusisha na jeshi. Wafasiri wa shirika la Translators without Borders, waliochunguza suala hilo mwaka 2019, walionyesha kwamba watu walihitaji maelezo ya kina katika lugha wanayoielewa vizuri, na kwamba Kiswahili kilichoandikwa kwa mtindo wa mbali hakikutosha pale palipohitajika Kiswahili cha Kongo au Kinande.

Kwa mtu wa lugha, miaka hiyo ilileta mambo mawili kwa wakati mmoja: kazi nyingi na fedha nyingi kuliko kawaida. Mashirika yaliyotoka nje yalilipa kwa dola na kwa siku, na kila moja lilikuwa na viwango vyake. Wenyeji waliyaona magari ya kukodi na posho, wakapata msemo wa "biashara ya Ebola". Ulipotangazwa mwisho wa mlipuko, sehemu kubwa ya fedha hizo iliondoka pamoja na mashirika. Milipuko midogo ya Februari 2021 na Oktoba 2021 ilirudisha kazi kwa miezi michache tu. Mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, miradi mingi iliyolitegemea ilisimama.

Funzo ni dhahiri. Mfasiri aliyepanga bei yake kwa kutazama ukubwa wa gari la mteja alipandisha bei bila sababu ya kazi, kisha akalazimika kuishusha bila sababu ya kazi. Mteja wake wa kudumu, yaani kanisa, redio au mfanyabiashara wa mjini, hakuelewa kwa nini ukurasa ule ule ulipanda na kushuka. Bei isiyo na maelezo hupoteza heshima yake kabla ya kupoteza thamani yake.

3. Kipimo kabla ya bei

Sokoni hakuna anayeuliza bei ya maharagwe bila kwanza kulitazama kopo linalopimia. Katika tafsiri kopo hilo ni neno au ukurasa, na hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kuwa macho kuliko mtu mwingine yeyote.

Wateja wengi hupendekeza malipo kwa neno, wakihesabu maneno ya matini iliyokwisha kufasiriwa, kwa kuwa hiyo ndiyo wanayoipokea. Utaratibu huo unaonekana kuwa wa haki hadi pale muundo wa lugha unapozingatiwa. Kiswahili, sawa na Kinande, ni lugha ambishi bainishi: nafsi, njeo, ukanushi, urejeshi na mtendwa huambatishwa katika kitenzi kimoja. Kifaransa huyasambaza mambo hayo katika maneno mbalimbali. Tuchukue sentensi inayofaa kabisa katika kampeni ya afya:

Celui qui a touché le malade sera suivi pendant 21 jours.
Aliyemgusa mgonjwa atafuatiliwa kwa siku 21.

Sentensi ya Kifaransa ina maneno 11, ya Kiswahili ina 6. Kadhalika, "hatutawachanja" ni neno moja, ilhali Kifaransa huhitaji matano: "nous ne les vaccinerons pas". Katika matini ndefu tofauti hupungua, maana Kiswahili nacho kina viunganishi, vihusishi na -a unganifu vinavyoongeza idadi ya maneno. Hata hivyo tofauti haiishi. Mfasiri anayetoka Kifaransa kwenda Kiswahili na kulipwa kwa maneno ya Kiswahili hupunguziwa ujira na sarufi ya lugha yake mwenyewe.

Hali huwa ngumu zaidi katika lugha ambayo maandishi yake hayafuati desturi moja kila mahali. Ikiwa mwandishi mmoja anaunganisha viambishi na mwingine anavitenganisha, matini moja itakuwa na hesabu mbili za maneno na hivyo bei mbili.

Suluhisho ni rahisi: pande mbili zikubaliane kuhesabu maneno ya upande wa Kifaransa daima, iwe Kifaransa ndicho lugha chanzi au lugha lengwa. Kwa njia hiyo kopo huwa moja kwa safari zote mbili. Badala ya neno, inawezekana pia kuhesabu herufi, au kutumia ukurasa wenye maneno 250 ya Kifaransa. Jambo la lazima ni kwamba kipimo kitajwe kwa maandishi kabla ya bei, kwa sababu neno "ukurasa" pekee halina maana: ukubwa wa herufi na upana wa pambizo vinaweza kugeuza kurasa 10 kuwa 15.

4. Hesabu ya ujira wa siku

Kosa linaloenea zaidi ni kukisia ujira wa siku kwa kugawanya mshahara. Mhitimu hujiambia: "Mwalimu wa shule anayelipwa vizuri hupata dola 300 kwa mwezi, mwezi una siku 26 za kazi, basi siku yangu ni dola 11 na nusu." Hesabu hiyo inasahau kwamba mwenye mshahara hulipwa hata siku ambayo hakuna kazi, hutumia umeme wa mwajiri, na huketi kwenye kiti ambacho hakukinunua.

Hesabu sahihi huanza na mwaka mzima. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake. Tuseme mfasiri anahitaji dola 300 kwa mwezi kwa ajili ya familia yake, yaani 3,600 kwa mwaka. Kisha zinafuata gharama za kazi kwa mwaka: intaneti dola 300, umeme na mafuta ya jenereta 180, kodi ya chumba cha kazi 360, usafiri wa pikipiki 240, na kompyuta ya dola 480 inayotarajiwa kudumu miaka 4, dola 120. Jumla ya gharama za kazi ni dola 1,200. Kwa kuwa hana mwajiri wa kumchangia, atenge dola 600 kwa matibabu na uzee. Mwisho, atenge dola 600 kwa kodi, ada za serikali na malipo yanayochelewa au yasiyokuja kabisa. Jumla kuu ni dola 6,000.

Hatua ya pili ni kuhesabu siku zinazoweza kulipiwa. Mwaka una siku 365. Tukiondoa Jumamosi na Jumapili 104 zinabaki 261. Tukiondoa sikukuu, tuseme 11, zinabaki 250. Tukiondoa siku 30 za ugonjwa, likizo na misiba, zinabaki 220. Lakini siku hizo zote hazilipiwi. Nyingine hutumika kutafuta wateja, kuandika mapendekezo ya kazi, kudai malipo, na kujisomea istilahi. Katika Butembo na Beni huongezeka siku ambazo mji umefungwa kwa ajili ya mgomo wa wananchi, au barabara haipitiki kwa sababu ya usalama. Ikiwa siku 100 zitakwenda hivyo, zinabaki 120.

Dola 6,000 zikigawanywa kwa siku 120 hutoa dola 50 kwa siku. Hiyo si bei ya anasa: ndiyo inayomwezesha mtu huyo kupata dola 300 zile zile za mwezi. Linganisha na bei ya dola 11 na nusu: kwa siku 120 angepata dola 1,380 kwa mwaka, na baada ya kulipa gharama za kazi dola 1,200 angebaki na dola 180, sawa na dola 15 kwa mwezi. Mfasiri wa namna hiyo hafanyi kazi kwa bei nafuu. Anamlipia mteja sehemu ya kazi kutoka mfukoni mwa familia yake.

Hatua ya tatu ni kugeuza siku kuwa kipimo. Mfasiri mzoefu huweza kufasiri na kusahihisha takriban maneno 2,000 ya matini ya kawaida kwa siku. Dola 50 kwa maneno 2,000 ni senti 2 na nusu kwa neno, au dola 6.25 kwa ukurasa wa maneno 250. Ikiwa matini ni ya kitaalamu, yenye istilahi za tiba au sheria, na mwendo unashuka hadi maneno 1,500, bei ya neno hupanda hadi senti 3 na theluthi moja. Ujira wa siku haukubadilika. Kilichobadilika ni ugumu, na mteja anaweza kuonyeshwa ugumu huo.

Sasa athari ya kipimo inaonekana vyema. Kijitabu cha maneno 10,000 ya Kifaransa huhitaji siku 5, yaani dola 250. Iwapo tafsiri yake ya Kiswahili itakuwa na maneno 8,000, na mteja akalipa kwa maneno hayo, malipo yatakuwa dola 200. Siku nzima ya kazi imepotea, na hakuna aliyeiba.

5. Ukalimani na unukuzi wa sauti

Ukalimani haupimwi kwa neno. Kipimo chake ni siku au nusu ya siku, kwa sababu mkalimani aliyeitwa kwa saa mbili hawezi kuuza saa zilizobaki kwa mtu mwingine. Siku ya maandalizi, ambapo anasoma hati za mkutano na kutayarisha istilahi, nayo ni kazi. Chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano, AIIC, kilichoanzishwa mwaka 1953, kimesisitiza tangu zamani kwamba ukalimani sambamba hufanywa na watu wawili au zaidi wanaopokezana, kwa sababu umakini wa akili huchoka haraka. Mteja wa Beni anayetaka mtu mmoja akalimani semina ya siku nzima hanunui huduma ile ile kwa nusu ya bei. Ananunua asubuhi yenye maana na alasiri yenye makosa.

Katika ukalimani wa vijijini kuna swali la hatari. Anayeandamana na timu ya chanjo au ya uchunguzi huonekana na jirani zake, na huendelea kuishi nao wageni wakishaondoka. Usafiri, bima na siku za kukwama njiani vitajwe peke yake, visimezwe ndani ya ujira.

Unukuzi wa mahojiano yaliyorekodiwa ndio kazi inayokadiriwa vibaya kuliko zote. Saa moja ya sauti safi huhitaji takriban saa 4 hadi 6 za kunukuu. Mazungumzo ya kikundi, ambapo watu hukatizana na kuchanganya Kinande, Kiswahili na Kifaransa, huhitaji zaidi. Kwa ujira wa dola 50 kwa siku ya saa 8, saa moja ya kazi ni dola 6.25, kwa hiyo saa moja ya sauti inayonukuliwa kwa saa 6 ni dola 37.50, kabla ya kufasiriwa. Mtafiti anayelipa "kwa mahojiano" bila kujali urefu wake humhimiza mnukuzi afupishe, na data ya utafiti huharibika pasipo mtu kujua. Wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu, ambao mara nyingi ndio wateja wa kazi hii, wanapaswa kulikumbuka hilo wanapotayarisha bajeti zao.

Hali kadhalika matini zilizofasiriwa na mashine. Mteja huleta Kiswahili kilichotoka katika kompyuta na kusema, "Usahihishe tu." Kabla ya kukubali nusu ya bei, mfasiri ajaribu ukurasa mmoja huku akitazama saa. Ikiwa kusahihisha kunachukua muda sawa na kufasiri upya, bei ni ya kufasiri upya.

6. Sheria na makubaliano ya kimataifa

Kifungu cha 36 cha Katiba ya Kongo kinatambua haki ya kufanya kazi na ya kupata ujira wa haki unaotosheleza. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasimamia uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa; mfanyakazi wa kujitegemea yuko nje yake. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa Mei 2018, faranga 7,075 kwa siku, hakikumhusu moja kwa moja, lakini kinafundisha jambo. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu faranga 1,600, hivyo kima hicho kilikuwa zaidi ya dola 4. Mwishoni mwa mwaka 2023 dola ilikuwa imepita faranga 2,500, na kiasi kile kile kilikuwa chini ya dola 3. Mkataba wa miezi kadhaa unaotaja faranga bila kutaja namna ya kubadilisha fedha unaweza kumla mfasiri kimya kimya.

Kwa anayetaka kutambuliwa rasmi, iko njia. Kongo ilijiunga na mfumo wa sheria za biashara wa OHADA mwaka 2012. Sheria ya mfumo huo iliyorekebishwa mwaka 2010 inamtambua "entreprenant", yaani mtu binafsi anayefanya shughuli ndogo ya kitaaluma, ya biashara au ya ufundi kwa tamko rahisi. Hadhi hiyo humsaidia kutoa ankara inayokubalika ofisini.

Katika ngazi ya kimataifa, waraka muhimu ulizaliwa Afrika ya Mashariki. Tarehe 22 Novemba 1976, Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi ulipitisha Pendekezo kuhusu ulinzi wa wafasiri na tafsiri zao. Pendekezo hilo linataka mkataba wa maandishi, ujira wa haki, muda wa kutosha wa kazi, hati zinazohitajika ili kuielewa matini, na jina la mfasiri kuonekana katika tafsiri iliyochapishwa. Halina nguvu ya sheria, lakini linampa mfasiri wa Butembo hoja ambayo shirika la kimataifa haliwezi kuipuuza kwa urahisi.

Je, wafasiri wa miji hii wanaweza kuungana na kutangaza bei moja? Tahadhari inahitajika. Marekani, mwaka 1997, mamlaka ya ushindani wa biashara iliizuia AIIC kuwapangia wanachama wake bei nchini humo. Kongo nayo ina sheria ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani. Chama kinaweza, badala ya bei, kueneza kipimo kimoja, mfano wa mkataba, na njia ya kukokotoa iliyoelezwa hapo juu. Watu wanaotumia kopo moja hawahitaji kulazimishwa kutaja bei moja; bei zao zitakaribiana.

7. Kupatana na mteja

Kupatana ni desturi ya miji hii, na hakuna aibu ndani yake. Lakini kinachopunguzwa kiwe kazi. Mteja mwenye dola 150 kwa kijitabu cha dola 250 anaweza kufasiriwa sura tatu kati ya tano, au kupewa muda mrefu zaidi ili kazi ifanywe katika siku zilizo tupu. Asipewe kijitabu kizima ambacho hakikusahihishwa.

Pale mfasiri anapotaka kusaidia, mathalani parokia, shule au chama cha wajane, ankara ionyeshe bei kamili, kisha punguzo, kisha kiasi kinacholipwa. Kwa njia hiyo msaada hubaki kuwa msaada, na mwaka unaofuata hakuna atakayedhani kwamba bei ya kweli ni ile ndogo. Kazi ya kujitolea nayo ina heshima yake, mradi iitwe kwa jina lake tangu mwanzo.

Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, utaje mambo haya: kipimo na upande unaohesabiwa, bei na sarafu, tarehe ya kukabidhi, malipo ya kwanza, kwa kawaida theluthi moja au nusu, mara ngapi mteja anaweza kuomba mabadiliko bila kulipa, nini kitalipwa kazi ikisitishwa kwa sababu ya usalama, na jina la mfasiri litakapoonekana. Uongezwe mstari mmoja ambao mara nyingi husahauliwa: jaribio la tafsiri mbele ya wasomaji au wasikilizaji wachache.

Hitimisho

Mstari huo wa mwisho unabeba uzito wa suala zima. Mfasiri anayelipwa kidogo hafasiri maneno machache. Hufasiri yote, kisha huacha kile ambacho mteja hakioni. Huacha kusahihisha mara ya pili. Huacha kwenda Katwa au Mangina kumsomea mama muuza ndizi sentensi ile ya siku 21 na kumwuliza ameelewa nini. Katika tangazo la biashara kosa hilo huleta hasara ya fedha. Katika fomu ya kuridhia chanjo, au katika maelezo ya namna ya kumzika marehemu wa Ebola, huleta woga, uvumi na mauti. Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali, na gharama ya tafsiri rahisi hulipwa na mtu ambaye hakuwapo bei ilipopangwa.

Hivyo basi, yafaa idara za lugha ziingize hesabu hii katika masomo ya tafsiri: wanafunzi wapime kasi yao wenyewe, walinganishe idadi ya maneno ya Kifaransa, Kiswahili na Kinande katika matini moja, na waandike ankara yao ya kwanza kabla ya kuondoka chuoni. Na idara hizo hizo, zinapowaajiri wahitimu kunukuu na kufasiri data za utafiti, ziwe za kwanza kulipa kwa kipimo hicho.